Orito-san na Mlango Usiofunguliwa

Mara ya kwanza Sumie Orito kuingia dukani kwangu hakuja kukodi kanda. Alikuja kuuliza habari za mbwa.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa pili mwaka 1988. Duka lilikuwa halijatimiza miaka mitatu tangu nishushe makreti ya figili na kabichi na kupandisha rafu za kanda za video. Mtaani kwetu Nerima walinicheka nilipoacha mboga. Mimi nilishapiga hesabu zangu: mboga huoza kwa siku tatu, kanda huoza kwa miezi mitatu, na kanda haihitaji kumwagiwa maji.

Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na moja, aproni imechungulia chini ya koti, na glavu nyeupe za pamba zimechomekwa mfukoni. Alisimama muda mrefu mbele ya rafu ya katuni, akachukua ganda la kanda ya kwanza ya *Vyumba vya Kesho*, akasoma nyuma, akasoma mbele, akaja nalo kaunta.

"Samahani, mwenye duka. Humu ndani kuna mbwa?"

"Sijui, mama. Mimi nazikodisha, sizitazami."

"Yumo. Ana vivuli vitatu. Nilimpaka rangi mimi mwenyewe, nikadhani wachoraji wamekosea. Nataka kujua kwa nini vitatu."

Ndipo nikajua kazi yake. Mtaa wetu una studio za katuni kama mitaa mingine ilivyo na viwanda vya soya, na kazi ya kupaka rangi hufanywa na akina mama majumbani. Dereva wa studio huja na bahasha ya karatasi za plastiki zinazopitisha mwanga, zimekwisha chorwa mistari. Mama anavaa glavu, anageuza karatasi, anapaka kwa nyuma, namba ya rangi kwa namba ya rangi, anaanika kwenye kichanja, na kesho yake dereva anakuja kuzichukua. Orito-san, ndivyo tunavyosema Bi Orito, alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na tisa kwenye dirisha la jiko lake. Kabla ya hapo alisugua lenzi za kamera kiwandani. Alitoka kwao mkoani Niigata akiwa na miaka kumi na minane, akaolewa na fundi wa mabasi, akalea binti wawili. Katika miaka yote hiyo ya rangi hakuwahi kujua hadithi hata moja ilianzaje wala iliishaje. Alikuwa akipewa vipande vya katikati: bega, mlango wa gari, nusu ya mtu anayekimbia. Kwenye televisheni kazi yake ya siku nne ilipita wakati akigeuza samaki kikaangoni.

Nilimwambia akodi basi, aone mwenyewe. Akasema nyumbani hakuna mashine. Mumewe anasema televisheni peke yake inamtosha kumlaza.

Kuna watu wangemfungulia kanda bure kwa huruma. Mimi nilikuwa na shida yangu, na papo hapo niliona mahali shida zetu mbili zinapokutana. Kanda hizi hazikupita kwenye televisheni kwanza. Ziliuzwa moja kwa moja madukani. Bei ya moja ilikuwa bei ya baiskeli mpya ya kwendea sokoni, na ilibidi mwenye duka aagize miezi miwili kabla, hajaona kitu ila karatasi ya matangazo, na akishaagiza harudishi. Ukichukua sita na watu wasizitake, una baiskeli sita zisizo na magurudumu. Ukichukua mbili na watu wakazigombania, wanaenda duka la ng'ambo ya reli na hawarudi.

Sasa mbele yangu alisimama mtu ambaye kanda ya tatu, hata ya nne, imeshapita chini ya vidole vyake.

Nikamwambia kila kanda ya *Vyumba* ikifika, aje saa nne asubuhi, kabla sijafungua, aitazame chumba cha nyuma kwenye mashine yangu. Yeye atanieleza zile zinazokuja: ipi ina nguvu, ipi ina kasoro.

Alifikiri. Aliuliza kama hiyo ni siri ya studio. Nikamuuliza kama kuna aliyemkataza kusema. Akasema hapana, hakuna aliyewahi kudhani mpakaji rangi anajua kitu.

"Basi," nikasema.

"Mara mbili," akasema yeye. "Kila kanda niitazame mara mbili. Mara ya kwanza nitakuwa natafuta vipande vyangu, sitasikia wanasema nini."

Nilimpa mara moja na nusu. Alikubali haraka mno, na baadaye nikagundua kila kanda ina hadithi mbili, na nusu aliyochagua siku zote ndiyo ile bora.

Mbwa yule alikuwa na vivuli vitatu kwa sababu ulimwengu wake ulikuwa na majua matatu. Orito-san alipoona hilo aliomba nirudishe nyuma. Alisema alikuwa amewalaumu wachoraji wale mwaka mzima, na angewaomba radhi kama angewajua majina.

Kuanzia hapo nilianza kutazama naye, mkono mmoja kwenye kikombe cha chai ya shayiri, sikio moja mlangoni. Sikutegemea kuvutiwa. Lakini kumsikiliza mtu anayetazama kwa udadisi wa kweli ni kama kumsikiliza fundi akifungua injini. Unajikuta nawe umeinama. *Vyumba vya Kesho* ilikuwa na kanda sita zilizopangwa, hadithi kumi na mbili, kila moja na mwelekezaji wake, wachoraji wake, watu wake, kesho yake. Hakuna anayevuka kutoka hadithi moja kwenda nyingine.

Yeye aliona mambo ambayo waandishi wa magazeti ya katuni hawakuyaandika. Alisema katika katuni za kila wiki, shujaa akining'inia juu ya bonde, yeye anayempaka rangi hana wasiwasi, kwa maana wiki ijayo ameshaletewa bahasha ya shujaa yule yule akila wali. Hapa mtu yeyote anaweza kufa dakika yoyote. Hilo alilipenda. Alipenda pia kwamba mchoraji anaruhusiwa kufanya kitu cha ajabu mara moja: hadithi ya tatu yote ilikuwa ya rangi nne tu, na akina mama wote watano wa kundi lake waliilalamikia, na ilikuwa nzuri kuliko zote.

Kasoro nazo hakuzificha. Alisema ukishamzoea mtu, ameondoka. Alisema waandishi hawa hawasomani: katika hadithi sita za mwanzo, watu wanne waligundua mwishoni kwamba wao ni mashine.

"Sasa mtu ni nani huko kesho?" aliniuliza. "Na mbona haoshi vyombo hata mmoja?"

Mimi nikaongeza kasoro ya dukani. Hadithi ya kuendelea, mteja akimaliza kanda ya kwanza anaitaka ya pili kama mvutaji anavyotaka sigara. Hii, asiyependa ya pili haigusi ya tatu. Lakini nikamwonyesha na upande wa pili wa jambo hilo: ya kwanza ikiwa imekodiwa, naweza kumpa mteja ya tatu na hakosi kitu. Hakuna rafu inayolala ikimsubiri ndugu yake arudi. Alicheka, akasema mimi ni mtu wa kwanza kumsikia akisifia sanaa kwa sababu haina foleni.

Mwezi wa tano alianza kuletewa vipande vya hadithi ya kumi na mbili, ya mwisho kabisa. Mwelekezaji wake alijulikana kwa kuchelewa, kwa hiyo studio ilimwanzisha mapema. Ulikuwa mkono. Mkono wa kijani, namba kumi na saba kwenye mwanga na kumi na tisa kivulini, unagonga mlango wa chuma. Karatasi mia mbili za kwanza unagonga. Mia nyingine unasubiri. Kisha unagonga tena, ila sasa kidole kimoja kimekuwa cha rangi ya binadamu.

"Kimoja tu?" nikauliza.

"Kwanza kimoja. Jana vikawa viwili."

Miaka kumi na tisa alikuwa amepaka rangi bila kujua, na mara zote aliweza kulala. Huu mkono ulimkosesha raha. Aliwauliza akina mama wenzake wameletewa nini; mmoja alikuwa na mkono uleule, mwingine ana mlango mtupu unaopata kutu. Dereva hakujua. Karatasi za nyuma ya mlango zilikuwa hazijamfikia yeyote. Aliniambia hivi, na alisema kama mtu anayetaja tarehe ya harusi: kanda ya sita inatoka mwezi wa kumi na mbili, na siku hiyo atakuja saa tatu, si saa nne.

Katikati ya mwezi wa sita akaja Habu, mtu wa mauzo wa jumla, na karatasi ya oda ya kanda ya nne. Habu alikuwa na kitambaa cha kufutia jasho shingoni na maneno matamu mdomoni. Nilimwambia anipe mpaka kesho yake. Nikamngoja Orito-san.

Alikuja, akakaa, akavua viatu, akaweka machungwa mawili mezani. Nikamwuliza habari za kanda ya nne.

"Hadithi ya saba ni nzuri," akasema. "Bibi anayeifundisha mvua kunyesha. Tumepaka karatasi elfu tatu. Maji tu yana rangi tisa."

"Na ya nane?"

Akamenya chungwa. Akasema ya nane walipewa karatasi mia tisa. Mtu anasimama, anaongea, mdomo tu ndio unaocheza. Karatasi moja inarudiwa mara tatu na nyuma wanavuta mawingu. Na mwishoni kuna mashine inayolia. Anajua kwa sababu alipaka chozi.

"Nani anajua? Labda sauti na muziki vitaisaidia," akasema.

"Orito-san, ungekuwa wewe ndiye mwenye duka, ungechukua ngapi?"

Sasa akaniangalia. Alisema dereva amesikia ofisini kwamba kanda ya tatu haikuuzika walivyotaka, na kwamba wenye fedha wanasubiri oda za kanda ya nne waamue kama ya sita itatengenezwa. Kisha akasema kwa sauti yake ya kawaida:

"Tulipatana nikwambie kweli, nimekwambia. Ya nane ni mbaya. Lakini usipunguze sana, mwenye duka. Nataka kuuona ule mlango ukifunguliwa."

Nikamwambia duka moja dogo la Nerima haliwezi kuua kanda wala kuifufua. Alitikisa kichwa kukubali, akanishukuru, akaenda zake.

Nilijua ninachosema si kamili. Katika biashara hii hakuna mwenye duka anayetaka kuwa peke yake, si katika faida wala katika hasara. Habu akifika dukani, kabla ya kugusa kalamu, kila mmoja anamwuliza swali lilelile: wenzangu wamechukua ngapi? Naye anatoa karatasi mkobani na kuonyesha. Mimi mwenyewe huuliza hivyo kila mwezi. Na duka langu ndilo la kwanza kwenye reli anayoizungukia, kituo cha tatu kutoka mwanzo. Karatasi inaanzia kwangu. Zaidi ya hapo, kwa kanda tatu nilikuwa nimepatia sawasawa, si zaidi si pungufu, na wenzangu walikuwa wameanza kusema kwamba mimi, Kuramochi, nina pua ya kunusa soko.

Habu aliporudi kesho yake alishakwisha kuniandikia sita. Nikafuta, nikaandika mbili.

"Mbili, mkubwa?" akasema. "Utaniua njaa."

"Ya saba itawavuta, ya nane itawafukuza. Mbili zinatosha."

"Hiyo ya saba na ya nane umeziona wapi?"

Nikamrudishia kalamu yake. Alikunja karatasi yake polepole, akapanda treni, akaenda kuwaonyesha wengine. Walichukua mbili, mbili, moja, mbili. Wa mwisho wa reli, mwenye duka kubwa lenye ngazi, hakuchukua hata moja. Labda reli nyingine nazo zilikuwa hivyo hivyo, labda sivyo. Sikuwahi kujua ni kiasi gani cha jambo lile kilikuwa changu. Katikati ya mwezi wa saba dereva wa studio alikwenda nyumbani kwa Orito-san mikono mitupu, akakusanya makopo ya rangi namba kumi na saba na kumi na tisa, akasema kanda ya tano itakuwa ya mwisho.

Alikuja siku hiyohiyo, saa nane mchana, dukani pana wateja. Nilijiandaa kulaumiwa. Hakuuliza niliagiza ngapi; nadhani alishajua, mke wa mwenye duka la pili hununua tofu duka lilelile anakonunua yeye. Aliuliza jambo moja.

"Nani anajua nyuma ya mlango kuna nini?"

Nikasema mwelekezaji lazima anajua. Lazima kuna kitabu cha michoro ya hadithi, kila tukio limechorwa kwa penseli mwanzo mpaka mwisho, ndicho wachoraji wanachofuata.

"Wewe unajua kupatana na watu," akasema. "Nipatie."

Hakuniomba. Alisema kama mtu anayedai salio la mapatano, na ukweli alikuwa na haki. Keshoye mchana tulikwenda studio pamoja, yeye amevaa koti la kutokea, mimi nimebeba sanduku la pichi. Mwelekezaji aliitwa Shirakura, mtu wa miaka thelathini na kitu. Tulimkuta amelala chini ya meza yake juu ya maboksi, soksi zimetoboka. Aliamka, akaona pichi, akakaa.

Nikasema nataka nakala ya kitabu cha hadithi ya kumi na mbili kwa ajili ya mama huyu. Akasema haitolewi nje. Nikasema nitachukua nakala nane za kanda ya tano, na nitamwambia Habu aanze kwangu. Akacheka, akasema mwaka mzima anangoja mwenye duka mmoja aseme hivyo, na sasa haina maana tena. Lakini aliinuka, akafungua droo, akatoa rundo la karatasi lililobanwa kwa klipu kubwa, akamkabidhi Orito-san kwa mikono miwili.

Alisoma palepale akiwa amesimama, kwa kidole. Mkono uko wapi, mlango uko wapi, sekunde ngapi. Nilimwona akipita karatasi alizozijua, akipita vidole vitatu, vinne, mkono mzima umekuwa wa binadamu, kitasa kinazunguka. Kisha akafungua ukurasa, akafungua mwingine, akafungua mwingine. Visanduku vilikuwa vitupu. Kurasa kumi na moja, visanduku vitano kila ukurasa, hakuna hata mstari wa penseli.

"Bado nilikuwa sijachora," akasema Shirakura. "Huwa tunaanza kupaka rangi kabla sijamaliza, vinginevyo hatuwahi. Nilitaka kwanza niuone mkono ukitembea, ndipo nijue unafungua nini."

Akamtazama yule mama, labda kwa mara ya kwanza akitambua kwamba kuna mtu aliyekuwa ameupaka.

"Wewe ulidhani kuna nini?"

Orito-san alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri kila nilipomwuliza.

"Sikudhani," akasema. "Ndiyo maana nilitaka kuona."

Shirakura alimwachia kitabu chote. Tukaondoka. Njiani Orito-san alisema kwamba sasa anafahamu kwa nini dereva alikuwa hajui, na kwa nini ofisini hawajui; kumbe ulikuwa ujinga wa watu wote pamoja, na hilo lilionekana kumpa burudani fulani. Mimi nilikuwa nawaza kanda nane nilizojifunga kuchukua.

Nane zile nilizichukua, maana nilishatamka. Nusu yake ziliketi rafuni mpaka nikaziuza kwa kupunguza. Kanda ya nne ilinifunza vibaya zaidi. Orito-san alikuwa amepatia kila neno: ya saba ni ajabu, ya nane ni takataka. Mimi ndiye niliyekosea hesabu. Nilidhani hadithi mbaya itaizamisha nzuri, kumbe mteja alikuwa akiitazama ile ya bibi na mvua, anazima mashine, anarudisha kanda akitabasamu, na kesho anamleta jirani. Mbili zangu hazikukaa rafuni hata siku moja mpaka mwisho wa mwaka. Walioingia wakazikosa walivuka reli.

Yeye alikaa bila kazi wiki saba, kisha studio nyingine ikampa mfululizo wa roboti unaodhaminiwa na wauza vitu vya watoto vya kuchezea, wiki hamsini, roboti yuleyule, mwekundu. Malipo yalikuwa mazuri kuliko ya *Vyumba*, na hayakukatika. Kwa fedha hizo akanunua mashine yake ya video, kwa hiyo chumba changu cha nyuma hakikumfaa tena. Akawa anakuja jioni kama wateja wengine, anakodi moja, analipa bei kamili, anarudisha kwa wakati. Kitabu cha Shirakura anacho hadi leo na hajamwazima mtu.

Nilijaribu kufufua mapatano. Nilimwambia achukue kanda bure, yoyote, aniambie tu habari za inayokuja. Alikataa kwa adabu kabisa, akainamisha kichwa, na hata leo nikimwuliza anapaka nini siku hizi hujibu kwa neno moja.

"Nyekundu."